Mshtuko wa sepsisi baada ya upasuaji wa uzazi: maji yamefika ml 30 kwa kilo, MAP bado 58

Zamu_ya_Usiku

Habari za kazi wakuu. Swali hili la mshtuko wa sepsisi (maambukizi makali yanayoangusha presha) ni kwa wanaohudumia wagonjwa mahututi kwenye ICU zenye vifaa vichache.

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Mama wa miaka 34, kilo 60, urefu sm 160, siku ya nne tangu ajifungue kwa upasuaji. Joto 39.2, mapigo ya moyo 128, anapumua mara 32 kwa dakika, oksijeni 93% akiwa kwenye lita 5. Presha 86/44, yaani MAP (wastani wa presha ya ateri) 58. Laktati (kipimo cha damu kinachopanda viungo visipopata damu ya kutosha) 4.6. Mkojo ml 15 kwa saa. Tumbo la chini linauma na uchafu unaotoka ukeni unanuka. mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi, Hb (wingi wa damu) 8.1. Ameshapata Ringer laktati ml 1,800 ndani ya saa mbili, seftriaksoni g 2 na metronidazoli mg 500.

Katheta ya mshipa mkubwa wa shingoni haipatikani hadi kesho. Pampu ya sindano ni moja tu. Noradrenalini ipo, vasopresini haipo (zote ni dawa za kubana mishipa ili presha ipande).

Wengine wanasema aongezwe lita nyingine kwa kuwa mkojo hautoki. Wengine wanasema maji basi, ila noradrenalini isubiri katheta. Ninyi mngefanya nini, na kwa vipimo gani hasa?

---

Dkt_Ganzi

Mkuu, hapo hakuna cha kusubiri. Noradrenalini ianze sasa, kwenye mshipa wa mkono. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 unasema wazi kwamba ni bora kuanzia mshipa wa pembeni kuliko kuchelewesha dawa kwa kungoja katheta. Kila nusu saa anayokaa na MAP 58, figo ndizo zinazolipa.

Mshipa: kunjo la kiwiko au juu yake, upana wa kutosha, kanula ya kijani (geji 18) au ya pinki (geji 20). Kiganja na kifundo cha mkono hapana, kanula ya bluu hapana. Iwe mpya, uliyoiweka mwenyewe kwa jaribio moja. Mshipa uliotobolewa mara tatu utavuja. Hakikisha damu inarudi ukivuta, kisha sukuma ml 10 za salaini huku umeweka kidole juu ya ngozi. Weka kanula ya pili mkono wa pili kabla hujaanza, maana ya kwanza ikiharibika huna dakika kumi za kutafuta mshipa kwa mtu aliyesinyaa mishipa.

Dozi: anza 0.05 hadi 0.1 mcg/kg/dakika (maikrogramu kwa kilo kwa dakika), pandisha kwa 0.02 hadi 0.05 kila dakika 5 mpaka MAP ifike 65. Usilenge 80. Kupandisha juu zaidi ya 65 hakuokoi watu zaidi, kunaongeza tu mapigo yasiyo na mpangilio.

Kuna jambo linalowakwaza wengi hapa. Mrija wa kuunganishia una ujazo wake, tuseme ml 1.5. Ukianza kwa ml 4.5 kwa saa na mrija umejaa salaini, dawa itamfikia mgonjwa baada ya dakika 20. Katikati ya hapo mtu anaona presha haipandi, anaongeza dozi mara tatu, kisha dawa inafika yote kwa pamoja na presha inaruka 190. Kwa hiyo jaza mrija kwa dawa yenyewe mpaka mwisho kabla ya kuunganisha, na uiunganishe karibu kabisa na kanula. Kwa sababu hiyohiyo, mrija huo usisukumwe kamwe na usipitishiwe dawa nyingine: ml 1.5 zenye mcg 80 kwa ml ni mcg 120 kwa mkupuo.

Ikivuka 0.2 kwenye mshipa wa pembeni, tafuta katheta kwa udi na uvumba, hata kama ni ya paja. Ikifika 0.25 na kukaa hapo kwa saa nne, ongeza haidrokotisoni mg 50 kila baada ya saa 6. Kwa kuwa vasopresini haipo, dawa ya pili ni adrenalini, ukianzia 0.05. Ujue tu kwamba adrenalini yenyewe hupandisha laktati, basi baada ya hapo usiisome laktati kana kwamba ni ileile ya jana. Dopamini iacheni. Utafiti wa 2010 uliohusisha wagonjwa 1,679 ulikuta mapigo yaliyovurugika kwa 24.1% ya waliopata dopamini, dhidi ya 12.4% ya noradrenalini.

Na huyo mama anapumua mara 32. Mkimwekea mrija wa kupumulia, noradrenalini iwe inatembea kwanza, ketamini nusu hadi mg 1 kwa kilo na si 2, na mashine ipangwe kwa urefu wake. Mwanamke wa sm 160 ana uzito wa kukadiria wa kilo 52.4, hivyo kwa ml 6 kwa kilo unampa ml 315 kwa pumzi. Ukitumia kilo 60 za mzani unampa 360, na mapafu yaliyowaka moto hayasamehe.

---

Daktari_wa_Ndani

Naungana na Dkt_Ganzi kwenye noradrenalini. Niongee kuhusu ile "lita nyingine kwa sababu mkojo hautoki", kwa sababu ndipo wagonjwa wetu wanapozama.

Mkojo mdogo si ushahidi kwamba anahitaji maji. Figo za sepsisi huweza kugoma hata mishipa ikiwa imejaa. Ukijaza maji kwa kufuata mkojo peke yake utaishia na mapafu yaliyolowa, na mashine ya kupumulia huna ya ziada.

Kwetu Afrika swali hili lina ushahidi wake, na si wa kupuuza. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, uliwapa watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu maji ya mkupuo au kutowapa. Ndani ya saa 48 walifariki 10.6% waliopewa albumini, 10.5% waliopewa salaini, na 7.3% wasiopewa mkupuo wowote. Kisha 2017 ukaja wa Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU: waliopewa maji mengi mapema pamoja na dopamini walifariki 48.1%, waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida 33.0%. Ndiyo, wengi wao hawakuwa ICU, na mama huyu si mtoto wa FEAST. Lakini mtu asije akasema maji hayadhuru.

ml 30 kwa kilo ni kianzio, tena pendekezo hilo lilishushwa nguvu mwaka 2021. Baada ya hapo kila mkupuo uombewe kibali. Utaratibu wangu ni huu:

Bonyeza ncha ya kidole cha shahada kwa nguvu mpaka iwe nyeupe, shikilia sekunde 10, achia, hesabu. Damu ikichelewa zaidi ya sekunde 3, mzunguko bado haujakaa sawa. Rudia kila nusu saa. Utafiti wa 2019 wa Amerika Kusini uliowahusisha wagonjwa 424 ulilinganisha kufuata kidole na kufuata laktati: vifo ndani ya siku 28 vilikuwa 34.9% kwa kidole na 43.4% kwa laktati. Tofauti hiyo haikufika kiwango cha uhakika wa kitakwimu, lakini inatosha kuonyesha kwamba kidole hakikuwa duni, na kidole hakihitaji kitendanishi.

Kidole kikichelewa, ndipo uulize kama moyo utafaidika na maji. Kunyanyua miguu digrii 45 ukatazama presha ndani ya dakika moja ni kipimo kizuri, ila kwa mama mwenye kidonda cha siku nne na tumbo lililojaa gesi hakiaminiki: maumivu yanapandisha presha yenyewe, na tumbo lililobana linazuia damu ya miguuni isirudi. Kwake ningetumia ml 250 kwa dakika 15, nikitazama pengo kati ya presha ya juu na ya chini, kasi ya kupumua, na sauti ya mapafu chini mgongoni. Pengo likipanuka na kidole kikirudi haraka, sawa. Kasi ya kupumua ikitoka 32 kwenda 38 na oksijeni ikashuka, maji yamezidi unga, acha.

Tena huyu amejifungua juzi. Kabla ya ml 250 ya pili, mtu aweke ultrasaundi kifuani. Ugonjwa wa misuli ya moyo wa wazazi hujitokeza wiki hizihizi, na moyo unaosukuma kwa 25% ukiujaza maji unamaliza kazi. Kama alikuwa na kifafa cha mimba au presha ya mimba, mishipa yake inavuja mara mbili. Na kama upande wa kulia wa moyo umevimba, fikiria damu iliyoganda kwenye mapafu.

Laktati: rudia baada ya saa 2. Usiivute juu ya kanula inayopitisha Ringer laktati, vuta mkono mwingine. Ringer yenyewe haileti laktati ya uongo kwa ini linalofanya kazi, ni sampuli iliyochanganyika na dripu inayodanganya. Chupa iwe ya kifuniko cha kijivu au sampuli iende kwenye barafu, la sivyo chembe nyekundu zinaendelea kutengeneza laktati njiani na unapata 6 ya bure.

---

Mfamasia_wa_Wodi

Hesabu kwanza, maana hapa ndipo tunapowaua watu kimyakimya.

Soma ampuli. Nyingine zimeandikwa kwa chumvi ya dawa na nyingine kwa dawa yenyewe: mg 2 za noradrenalini tatreti ni mg 1 ya noradrenalini. Ampuli ya ml 4 iliyoandikwa "mg 8 tatreti" ni sawasawa na iliyoandikwa "mg 4". Kundi jipya la dawa likiingia stoo, lebo isomwe upya, na dozi zote kwenye wodi ziandikwe kwa kipimo kimoja.

Mchanganyiko: ml 46 za dekstrosi 5% na ampuli moja ya mg 4 (ml 4), jumla ml 50. Unapata mcg 80 kwa ml. Kwa kilo 60 (dozi ni mcg/kg/dakika):

0.05 = ml 2.25 kwa saa
0.1 = ml 4.5 kwa saa
0.2 = ml 9 kwa saa
0.25 = ml 11.25 kwa saa

Dekstrosi inailinda dawa isioze kwa hewa. Ikigeuka pinki au kahawia, tupa. Isikutane na bikaboneti wala aminofilini kwenye mrija mmoja, zinaiua.

Pampu moja? Ni ya noradrenalini, mjadala umefungwa. Maji na antibaotiki zishuke kwa mvutano. Pampu ikiharibika kabisa, tumia soluseti (seti ya dripu yenye byureti, yaani chemba ya kupimia) ya matone 60 kwa ml: mg 4 ndani ya ml 500 za dekstrosi 5%, mcg 8 kwa ml. Dozi ya 0.1 kwa kilo 60 ni mcg 6 kwa dakika, yaani matone 45 kwa dakika. Uzuri wa seti hiyo ni kwamba matone kwa dakika ndiyo ml kwa saa. Byureti ijazwe ml 50 tu kila mara, na iliyobaki ifungwe juu, ili kibano kikilegea usimwage chupa nzima. Hata hivyo ml 50 hizo ni mcg 400, kwa hiyo mtu asitoke kitandani. Ukihitaji 0.25 utafika matone 112 na hakuna anayeweza kuyahesabu. Weka mg 8 kwenye ml 500 na itakuwa 56. Hesabu pia ujazo: ml 45 kwa saa ni zaidi ya lita moja kwa siku, iingie kwenye chati ya maji.

Sasa antibaotiki. Seftriaksoni kwa mtu aliyelala hospitalini siku nne, na huenda alishapewa hiyohiyo kabla, siiamini. Bakteria wa Klebsiela na E. koli wa wodini wengi wana kimeng'enya kinachoivunja. Kwa mshtuko ningechukua meropenemu g 1, iyeyushwe kwenye ml 20 na kusukumwa kwa dakika 5, hiyo ndiyo dozi ya kwanza. Zinazofuata, g 1 kila saa 8, ziingie polepole kwa saa 3 kwenye ml 100 za salaini. Changanya wakati wa kutumia. Kwenye joto la pwani haikai mezani, na kwenye dekstrosi inaharibika upesi zaidi. Kama mnashuku bakteria wa staafu sugu, ongezeni vankomaisini mg 25 hadi 30 kwa kilo, isizidi g 1 kwa saa, ila meropenemu ndiyo itangulie kuingia, kwa sababu yenyewe inamalizika kwa dakika 5.

Kama meropenemu haipo, piperasilini na tazobaktamu g 4.5 pamoja na amikasini mara moja, mg 25 kwa kilo: kwake mg 1,500 kwenye ml 100 kwa dakika 30 hadi 60. Najua mtasema figo. Dozi ya kwanza haipunguzwi kwa ajili ya figo, kwa mgonjwa wa mshtuko maji ya mwilini yameongezeka na dawa inatawanyika. Kinachobadilika kwa figo ni nafasi kati ya dozi zinazofuata. Pale ambapo meropenemu inaendelea, mgonjwa anayetumia valproeti kwa kifafa abadilishiwe, kwani kiwango cha valproeti kinaanguka.

Seftriaksoni na Ringer laktati zisichanganyike kwenye mrija mmoja. Ringer ina kalisiamu.

---

Sista_ICU

Wadau wamesema mengi, naongezea ya kitandani.

Mkanda wa presha usiwekwe mkono wenye noradrenalini, ukibana dawa inasimama na ukiachia inaingia mkupuo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli. Kwenye mashine za kujipima, amini MAP iliyoandikwa kuliko namba ya juu. Mkiwa na mstari wa ateri (mrija wa kupimia presha ndani ya ateri), kipimo kiwe usawa wa moyo, pale nafasi ya nne ya mbavu inapokutana na mstari wa katikati ya kwapa. Kikishuka sm 10 chini ya hapo kinaongeza mmHg 7 hivi: MAP ya kweli 58 unaiona 65 na unalala.

Kanula ikaguliwe kila baada ya dakika 30, bila bandeji ya kuficha, gauze juu ya kanula marufuku. Ngozi ikipauka, ikiwa baridi au ikivimba: simamisha, hamishia kanula ya pili, acha ya kwanza ilivyo na uvute kilichobaki. Fentolamini mg 5 hadi 10 kwenye ml 10 za salaini, ichomwe kuzunguka eneo. Isipokuwepo, mafuta ya nitroglisirini 2% kama yapo, na mkono uinuliwe. Barafu hapana.

Kubadilisha bomba la sindano: la pili liwe limeshachanganywa na kuandikwa lebo likiwa limebaki ml 10 kwenye la kwanza. Kwa pampu moja huna njia ya kuendesha mbili kwa pamoja, basi badilisheni watu wawili, haraka, mmoja macho kwenye monita.

Na damu ya kuotesha vimelea, hakuna aliyeitaja! Chupa mbili za mkono mmoja na mbili za mwingine, ml 8 hadi 10 kila chupa, ngozi ipakwe klorheksidini yenye spiriti na iachwe ikauke sekunde 30, vifuniko vya chupa vipanguswe pia. Usiweke chupa kwenye friji. Lakini antibaotiki isichelewe kwa ajili ya chupa zaidi ya dakika 45.

---

Zamu_ya_Usiku

Asanteni sana. Nimechora jedwali la ml kwa saa, litabandikwa kwenye pampu. Swali la mwisho: kama kwa 0.12 MAP inakaa 66, kidole sekunde 3, laktati 3.4, lakini homa haishuki na kreatinini (kipimo cha figo) inapanda. Furosemidi ili mkojo utoke? Na Hb ikiwa 7.4, damu?

---

Dkt_Uzazi

Furosemidi haifufui figo, inabadilisha tu chati ya mkojo. Itumike pale mapafu yanapolowa, si kwa kreatinini. Damu: kizingiti ni Hb 7 kwa asiyetokwa damu. Kutoka 8.1 hadi 7.4 baada ya maji yale inaweza kuwa ni kuzimuliwa tu, ila kwa mtu wa upasuaji lazima ukanushe kuvuja: ultrasaundi ya tumbo, kidonda, pedi. Akiwa anaelekea chumba cha upasuaji, chupa mbili ziwe tayari zimepimwa ulinganifu.

Na ndiyo, anaelekea huko. Homa isiyoshuka na laktati inayojikokota huku antibaotiki ni sahihi, maana yake usaha au nyama iliyokufa bado iko ndani. Hakuna meropenemu inayoingia kwenye jipu lisilo na mshipa wa damu. Tafuteni mabaki ya kondo kwenye mfuko wa uzazi, usaha nyuma ya mfuko, mshono wa mfuko ulioachia, ukuta wa tumbo wenye ngozi nyeusi au malengelenge. Kidonda kikiuma kupita kiasi ilhali juu kinaonekana safi, fikirini streptokoka wa kundi A na muongeze klindamaisini mg 900 kila saa 8, kwa sababu inazima utengenezaji wa sumu. Lengo ni kuondoa chanzo ndani ya saa 6 hadi 12 tangu kugundua, na "tumtulize kwanza mpaka asubuhi" haitulizi mtu.

Kusafisha mfuko kwa kufyonza kunaweza kutosha kama ni mabaki. Kukiwa na usaha tumboni, fungueni, osheni, wekeni mrija. Kuondoa mfuko wa uzazi ni uamuzi wa daktari bingwa aliyesimama pale mezani, na ndugu waelezwe kabla, si baada.

Njiani: betri ya pampu ikaguliwe kwanza, bomba la pili la noradrenalini liwe mfukoni limechanganywa, silinda ya oksijeni ipimwe kwa mahitaji ya lita 10 na si 5, na kanula ya pili ibaki tupu kwa ajili ya Dkt_Ganzi.